Kumi na Wawili Waliogombea Nafasi ya Pili

Nimeambiwa kwamba mwaka huu vijana saba wa chama chetu cha Waafrika Mashariki hapa Johannesburg wamepandishwa vyeo. Hongereni. Mmoja wenu ana watu tisa chini yake benki, mwingine ana wauguzi wa wodi nzima, mwingine madereva, na yule binti wa Tanga amekabidhiwa duka la simu pale Randburg. Katibu wa chama ameniomba niwaandikie kidogo juu ya namna ya kumtia mfanyakazi moyo wa kazi. Alisema vitabu vya jambo hilo mnavyo vingi, lakini mtu aliyelikosea vizuri hamna. Nilimuuliza ana maana gani. Akaniambia nisijifanye sijui.

Mimi ni Josiah Mutiso, mtu wa Machakos. Nilifanya kazi miaka ishirini na sita katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli, Randburg. Kumi na minne ya kwanza nilikuwa mfanyakazi wa kawaida, kumi na miwili ya mwisho nilikuwa msimamizi wa upande wa kupiga pasi. Nilikuja nchi hii kusoma, nikaingia kiwandani kwa miezi mitatu nikisubiri chuo kifunguliwe baada ya mgomo. Chuo hakikufunguliwa tena. Sina kinyongo nacho.

Wengi wenu hamjawahi kuona shuka la hoteli likipigwa pasi, kwa hiyo niwaeleze. Msidhani kuna mtu na pasi ya mkononi. Kuna mashine ndefu kama basi dogo, ndani yake silinda tatu za chuma zinazozunguka zikiwa na moto. Wawili wanasimama mbele na kuilisha shuka likiwa bado na unyevu kidogo. Wawili wanasimama nyuma, wanalipokea likiwa kavu na limenyooka, wanalikunja. Shuka likiingia na maji mengi na moto ukiwa mdogo, linatoka na mikunjo. Moto ukizidi, linatoka na rangi. Kati ya hayo mawili kuna nafasi nyembamba, na kazi yote iko humo. Unaipima kwa mgongo wa mkono, si kwa kiganja, maana kiganja cha mtu wa kazi hii kilishakufa zamani.

Hayo nilifundishwa na Mama Nomsa, aliyekuwa msimamizi kabla yangu. Alikuwa Mzulu wa Soweto, mfupi, mwenye sauti ndogo iliyotufanya tukae karibu naye ili tumsikie. Hakuwa na maneno matamu. Miaka yote niliyokuwa chini yake hakuniambia hata siku moja kwamba nimefanya vizuri. Alichofanya, akishakuamini, ni kukuletea kitu kigumu, tuseme kitambaa cha meza cha kitani kilichofinyangwa na mtu mwingine, anakitandaza mbele yako na kukuuliza ungekianza wapi. Halafu anasimama kusikiliza jibu. Mimi siku aliyoniuliza hivyo mara ya kwanza nilitembea kutoka kituo cha teksi mpaka nyumbani bila kuhisi miguu. Sikujua kwamba nimetiwa moyo. Nilidhani kwamba hajui aanze wapi.

Alinifundisha pia kutazama miguu. Mikono ya mfanyakazi itaendelea kufanya kazi hata kama mwenyewe ameshachoka na kila kitu, kwa sababu imezoea, lakini miguu haijui kuficha. Anayehamisha uzito kila dakika anaumwa mgongo. Anayesimama vidole vikielekea mlangoni ana shida nyumbani, au ameshapata kazi mahali pengine. Nawashauri mjifunze jambo hili mapema. Ninyi wa ofisini itabidi muiname chini ya meza, lakini tafuteni namna.

Sasa kuhusu sanduku. Mwaka wangu wa pili, Mama Nomsa akiwa likizo, niliona mashine inatoa vitambaa vya meza vyenye mikunjo. Nilikuwa na hamu kubwa ya kuonekana. Nikaongeza moto. Vitambaa arobaini vya hoteli vilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Wiki iliyofuata alikuja fundi, akafunga sanduku la chuma juu ya swichi ya moto, akatia kufuli, na ufunguo akapewa msimamizi peke yake. Tangu siku hiyo, aliyetaka moto upande au ushuke alipaswa kumwita msimamizi aje afungue. Sanduku lile, kwa maneno mengine, liliwekwa kwa ajili yangu. Miaka ilipopita nikawa msimamizi mimi, ufunguo ukaning'inia shingoni mwangu kwa kamba ya buluu, na nikasahau kabisa kwa nini sanduku lipo. Nilidhani ni sehemu ya cheo.

Zamu yangu ya asubuhi ilikuwa na wanawake kumi na wawili. Walikuwamo Wazulu, Wakongo, Warundi na Watanzania, na lugha ya pale ilikuwa Kiswahili cha kila mtu na namna yake, pamoja na Kizulu cha kuitana. Aliyewazidi wote kwa kazi alikuwa Bi Saumu wa Tanga, mwanamke mnyamavu wa miaka arobaini na kitu, mjane, aliyeishi Berea na binti zake wawili. Saumu alikuwa akilishika shuka kwa pembe mbili tu na kulirusha, na shuka linajilaza kwenye mashine lenyewe. Nilimwiga miaka mitatu nikashindwa.

Miaka miwili na nusu kabla sijastaafu tulipata meneja mpya wa kiwanda, Bwana Deon, kijana wa Pretoria mwenye adabu na michoro mingi ya takwimu. Alituita wasimamizi akatuambia ari ya wafanyakazi iko chini, na kila mmoja alete mpango wa kuipandisha. Mimi nilikuwa nimewahi kuhudhuria semina ya nusu siku juu ya jambo hilo hilo, penye sambusa ndogo ndogo. Nilirudi na kijitabu. Kijitabu kilisema mtu hupenda kutambuliwa mbele ya wenzake. Nikapendekeza Mfanyakazi Bora wa Mwezi, picha yake ipachikwe ukutani. Deon alifurahi sana. Nami nilifurahi kwamba Deon amefurahi, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, ingawa ilichukua muda kuonekana.

Mfanyakazi bora hakuhitaji kutafutwa. Nikampiga Saumu picha kwa simu, akiwa ametulia, hajacheka kwa kuwa sikumwambia acheke. Nikaipeleka Yeoville kuchapishwa kubwa, kwa Mkongo mmoja anayeuza fremu karibu na mafundi cherehani. Nilichagua fremu nyeusi, maana nyingine ilikuwa ya waridi na niliona haina heshima. Nikanunua na maua ya plastiki, meupe, ya kuzungushia. Chini ya picha niliagiza jina lake kamili na tarehe aliyoanza kazi. Yule Mkongo alinifungia vizuri kwa karatasi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kunipa pole. Nilidhani ni pole ya jua.

Jumatatu nikaipachika kwenye ukuta wa kuingilia, mahali ambapo kila mtu lazima apite. Wafanyakazi waliingia mmoja mmoja. Walipunguza mwendo, wakashusha sauti. Mama Béatrice wa Bukavu, mpokeaji wangu hodari wa nyuma ya mashine, alifanya ishara ya msalaba. Niliona jinsi walivyoguswa, nikasimama kando kwa unyenyekevu. Saumu mwenyewe aliitazama kwa muda mrefu kidogo, kisha akaniuliza itakaa pale mpaka lini. Nikamwambia mwezi mzima. Akasema sawa, akaenda kufunga kilemba chake cha kazi.

Wiki ya pili nilianza kuona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Kila mfanyakazi alikuwa na kadi ya kuonyesha mafungu aliyomaliza, iliyosomwa mbele ya wote mwisho wa zamu, na siku zote kadi zilipishana, huyu juu, huyu chini. Sasa zikaanza kufanana. Mwenye haraka akiona ametangulia, anakwenda kunywa maji, na maji yale yanakuwa matamu ajabu. Béatrice alikuwa akilikunja shuka, analikunjua, analitazama kama linamdai maelezo, analikunja tena. Mwanamke mmoja wa Kirundi aliyekuwa karibu kumpita kila mtu siku ya Alhamisi aliumwa jino ghafla saa nane, akapona saa tisa. Saumu ndiye aliyeshuka kuliko wote. Wote kumi na wawili walikuwa wakigombea nafasi ya pili, na waliigombea kwa bidii. Sijawahi kuona watu wakijitahidi namna ile wasifanye vizuri.

Nikaona dozi haijatosha. Kijitabu kilisema pia kuhusu zawadi ndogo za kushtukiza. Ijumaa moja nikaja na ndoo ya magwinya, yale maandazi ya huku, ya moto, nikayaweka mezani wakati wa mapumziko na kuwakaribisha kwa sauti kubwa. Ilikuwa Ramadhani. Watu wangu watano Waislamu waliyatazama, wakaniambia ahsante mzee, wakatoka nje. Wengine saba waliona haya kula wenzao wakiwa wamefunga, nao wakatoka. Nilibaki na ndoo. Nilikula manne.

Kufikia hapo mchezo ulikuwa umekwisha kuwa balaa. Lori la hoteli, ambalo lilipaswa kuondoka saa tisa alasiri likiwa limejaa, lilikuwa likiondoka saa kumi na moja likiwa na nafasi ya mtu kulala. Hoteli ililalamika mara ya kwanza, ikalalamika mara ya pili. Deon akaniita ofisini, akafunga mlango na kuniambia bila kupandisha sauti kwamba wakubwa wameamua. Mwezi unaofuata ukimalizika lori halijarudi hali yake, zamu ya asubuhi itafungwa na mashuka yatapelekwa tawi jingine. Nilimuuliza itakuwaje kwa wale wanawake. Akatazama michoro yake. Nilielewa. Wote kumi na wawili wangemwaga unga, na mimi ningehamishiwa stoo, kwa sababu msimamizi siku zote hupatiwa stoo.

Siwezi kuwaeleza vizuri nilivyojisikia, ila sikula chakula cha jioni, na mke wangu anajua hilo maana yake nini. Mwenye kosa nilikuwa mimi, nao ndio waliokuwa wakielekea kulilipa. Wengine wao walikuwa wakilisha nyumba mbili, moja hapa na moja kwao.

Asubuhi yake nilimfuata Mama Béatrice penye kabati za nguo, nikamwomba aniambie ukweli kuna nini.

"Chef," akaniambia, maana kwao bosi huitwa hivyo, "hii photo iko na mauwa na date. Mwenyewe iko muzima, anapita mbele yake kila asubui. Sasa nani anataka kufwata?"

Nilikwenda kuitazama picha. Niliitazama kwa mara ya kwanza kama mtu aliyeingia tu kutoka barabarani. Fremu nyeusi, maua meupe, uso uliotulia, jina kamili, tarehe moja. Kilichokosekana ni tarehe ya pili. Niliishusha kabla ya mapumziko ya saa nne na kuificha nyuma ya kabati la sabuni.

Nilidhani kuishusha kutatosha. Jumamosi hiyo Saumu akaniambia, kwa adabu yake ile ile, kwamba mwisho wa mwezi angeacha kazi. Jumapili jioni, karibu na saa ya kufuturu, nikaenda Berea.

Jengo lao ni la zamani, lifti yake haifanyi kazi tangu nimeanza kulijua. Nilipanda ghorofa nne nikiwa bado na koti la kanisani. Mlango ulifunguliwa na mwanamume nisiyemjua, wa makamo, mwenye kanzu iliyopigwa pasi vizuri. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia, akanikaribisha ndani kwa furaha kama mwenye nyumba. Sebuleni kulikuwa na begi kubwa lenye lebo ya basi. Alinieleza kwamba yeye ni Athumani, mume wa dada yake Saumu, na ndiyo kwanza ana siku nne tangu afike kutoka Tanga kwa barabara. Picha ya shemeji yake ilikuwa imewafikia kwenye Wasapu. Binti mmoja wa Saumu aliipiga picha ile kwa simu pale kiwandani siku alipokwenda kumpelekea mama yake dawa, akawatumia binamu zake, na Tanga nzima ikajua kwamba Saumu sasa ni mkubwa wa kiwanda mpaka picha yake imetundikwa mlangoni. Kwa hiyo familia ikamchangia Athumani nauli aje apewe kazi.

"Na wewe mzee wangu," akaniuliza, "uko chini ya shemeji?"

Nilifikiri kidogo. Nikasema ndiyo.

"Anawatendeaje?"

"Vizuri," nikasema. "Hana makuu."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaniambia ndivyo alivyo tangu usichana wake, na kwamba nikiwa na tatizo lolote kazini nimwambie yeye, atazungumza naye. Nikamshukuru. Ndipo Saumu akatokea jikoni. Aliniona, akamwona shemeji yake alivyokaa, akaelewa yote kwa mara moja. Nimeona watu wakiungua kwa mvuke kiwandani ambao uso wao haukubadilika hivyo. Akamtuma Athumani dukani akanunue mkate, na mkate ulikuwapo mezani.

Tulipobaki wawili nilimwomba radhi. Nilimwambia nilitaka kumheshimu na nikafanya kinyume chake, na sasa zamu nzima iko hatarini, na kama kuna mtu wa kuacha kazi basi ni mimi. Nilikuwa nimeliandaa neno hilo kwenye ngazi. Hakuniambia nisiseme hivyo. Alikaa, akasokota ncha ya mtandio wake.

"Mzee Mutiso, mimi sikukasirika," akasema. "Naogopa. Nina watoto wawili na sina mume. Mtu kama mimi hatundikwi ukutani kila jicho limpitie. Na wenzangu nao wakaogopa kunifuata, wakapunguza kazi. Nikaona bora niondoke mimi, huenda nyie mkabaki."

Vijana, nawaambia bila kuficha, nilitaka sakafu ifunguke. Mimi nimezaliwa Ukambani. Kwetu baba yangu hakuwahi kuhesabu mbuzi wake kwa sauti, na mgeni aliyewasifu sana hakualikwa tena. Mambo haya niliyajua tangu sijaota meno ya pili. Nikaenda semina ya nusu siku, nikayasahau.

Nikamuuliza basi nifanye nini. Nilitegemea ataniambia mshahara, na jibu la mshahara nilikuwa nalo, kwamba hauko mikononi mwangu. Au ataniambia likizo. Saumu akanyoosha kidole kifuani pangu. Hata Jumapili nilikuwa na ile kamba ya buluu, chini ya tai.

"Tupe ufunguo," akasema.

Sikumwelewa, akanieleza taratibu kama anavyoelezwa mgeni. Mashuka hayafanani. Ya hoteli hii ni pamba nzito, ya ile yamechanganywa na nailoni. Asubuhi moto unakuwa na nguvu, mchana unapungua. Kila mara moto unapotakiwa kubadilishwa, wanasimama na kuniita. Mimi niko ofisini, au nimekwenda kwa Deon, au naongea na dereva. Wanasimama na mashuka mikononi yanakauka. Nikifika nawauliza wanataka kiasi gani, wananiambia, nazungusha kiasi hicho hicho walichoniambia, nafunga, naondoka.

"Tunajua sisi, unazungusha wewe," akasema. "Miaka kumi sasa. Mtu anachoka, mzee. Si mikono inayochoka."

Athumani akarudi na mkate. Walipofuturu tukanywa chai sote watatu, na Athumani alinisisitiza nimchukulie shemeji yake kama mama mlezi kazini. Nikaahidi.

Usiku ule sikuwaza mengine. Kanuni ya kiwanda ilisema ufunguo ni wa msimamizi peke yake. Nikiwapa, na vitambaa vikaungua, stoo ingekuwa bahati kwangu. Lakini hilo halikuwa lenye kunisumbua zaidi, na hapa nawaomba mnisikilize kwa sababu ndicho hasa nilichoitiwa kuandika. Kilichonisumbua ni kwamba nilipenda kuitwa. Nilipenda ile sauti ya "Mzee, njoo" ikipita juu ya kelele za mashine. Nilipenda kuacha ninachofanya, kutembea hatua zangu arobaini bila haraka, kuvua kamba shingoni huku watu wanne wakinisubiri. Kwa miaka kumi nilidhani hiyo ndiyo kazi yangu. Nilikuwa nimewanyang'anya kitu kila siku ili mimi nijisikie mtu, halafu nikawanunulia maua ya plastiki.

Jumatatu nilifungua kufuli, nikalitia mfukoni, na ufunguo nikamkabidhi Saumu mbele ya wote. Sikutoa hotuba. Niliwaambia moto ni wao, na kikiungua kitu waniletee mimi, jina langu ndilo litakalokwenda juu. Walitazamana. Béatrice aliuliza ni mpaka lini. Nikasema sijui.

Siku mbili za kwanza walikuwa waoga, wanagusa swichi kama inauma. Siku ya tatu waliunguza vitambaa sita. Hawakuvificha. Saumu na mwenzake mmoja waliniletea mezani vimekunjwa vizuri, pamoja na karatasi waliyoandika nini kilitokea na kwa nini hakitatokea tena. Mimi vile vyangu arobaini vya zamani nilikuwa nimevificha chini ya kikapu mpaka vikagunduliwa kwa harufu. Vile sita nikavipeleka kwa Deon na kumwambia ufunguo nimewapa mimi. Akaniuliza kama najua ninachofanya. Nikamwambia kwa mara ya kwanza mwaka huo, ndiyo, lakini miguu yangu ilikuwa imeelekea mlangoni.

Wiki ya pili walianza kupanga kazi wenyewe, pamba nzito asubuhi, mchanganyiko mchana. Hakuna aliyewaagiza. Wakabadilishana nafasi kwa namna ambayo sikuweza kuifuata, anayeumwa mgongo anakaa mbele, anayefunga Ramadhani haendi karibu na silinda mchana. Kadi zikaanza kupishana tena. Nilitangaza kadi hazitasomwa tena mbele ya watu, na kuanzia hapo sikuona tena mtu akiumwa jino. Wiki ya tatu lori liliondoka saa kumi. Wiki ya nne, saa tisa na robo. Siku ya mwisho ya mwezi, Deon akiwa amesimama uani na simu mkononi, dereva alifunga mlango wa nyuma saa nane na dakika hamsini, na ilibidi ausukume kwa bega.

Zamu ilibaki. Deon, ambaye si mtu mbaya, alitaka sana kumpa mtu tuzo. Nilimwomba kwa unyenyekevu mkubwa asimpe mtu yeyote chochote chenye fremu. Akaleta feni mbili mpya, zikafungwa nyuma ya mashine, na hizo walizipenda.

Nilimwita Saumu, nikamwambia nitapendekeza awe msimamizi badala yangu, kwa kuwa ndiye anayesimamia. Hakufikiri hata kidogo.

"Jina baki nalo wewe, mzee," akasema. "Sisi tuachie kazi."

Basi ndivyo nilivyomaliza. Miaka miwili ya mwisho nilikuwa msimamizi wa watu wasionihitaji. Nilipigana na ofisi juu ya sabuni hafifu, nilihakikisha feni zinazunguka, nilimtafutia mmoja ruhusa ya kwenda kumzika mama yake Bujumbura. Kila asubuhi niliwapitia na kumwuliza mmojawao jambo nisilolijua, na nilisimama kusikiliza. Mengine nilinyamaza. Kulikuwa na siku nilizoingia na hakuna aliyeinua kichwa, na nikaumia, siwafichi. Athumani alipata kazi kwa fundi cherehani Yeoville. Mpaka leo tukikutana ananiuliza shemeji yake ananitendeaje.

Siku yangu ya mwisho Deon alileta keki, akataka mashine izimwe kwa dakika kumi nizungumziwe. Saumu alimkatalia kwa upole, akamwambia lori ni la saa tisa. Nikakaa na keki yangu karibu na mlango. Wakaja mmoja mmoja. Mmoja akitoka kwenye nafasi yake, mwingine anaishika, na huyu ananijia na mikono yake ya moto yenye unyevu, ananipa mkono, ananiambia neno lake kwa lugha yake, anarudi. Walikuja wote kumi na wawili hivyo. Mashine haikusimama hata mara moja. Katika miaka yangu yote ya kuwasimamia, sikuwahi kuifanya izunguke siku nzima bila kusimama. Nililia kidogo pale kwenye kiti. Walikuwa na kazi, hawakuniona.